Kisanduku cha Juu: Cheo cha Ofisa Kinavyopatikana na Kinavyopotea Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani

Ofisa akipitwa na cheo, lawama ya kwanza huangukia bodi ya kupandisha vyeo. Utasikia bodi ina watu wake, bodi haikusoma faili, majina yalishapangwa. Mara nyingi lawama hiyo inagonga mlango usio wake. Bodi hukaa kwa muda mfupi, na kazi yake ni kusoma karatasi zilizoandikwa na watu wengine kwa miaka kumi au kumi na mitano iliyopita. Kama karatasi zilipinda siku ya kuandikwa, bodi haina mkono wa kuzinyoosha.

Tunalichukua Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa sababu kanuni zake za tathmini zimechapishwa hadharani, na hesabu yake inaweza kufanywa na yeyote mwenye penseli. Na asidhani mtu kwamba ni mambo ya makarani. Afrika Mashariki inakumbuka Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, walipoasi, na ndani ya wiki hiyohiyo moto ukafika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Mshahara ulikuwa sababu mojawapo. Nyingine ilikuwa kwamba uhuru ulishapatikana, lakini vyeo vya juu vya ofisa vilibaki mikononi mwa Waingereza.

Turudi kwenye karatasi zenyewe, yaani fomu ya tathmini ya ofisa. Kila ofisa ana watu wawili wanaohesabika juu yake. Wa kwanza ni mpimaji, bosi wake wa kila siku. Wa pili ni mpimaji mwandamizi, yaani bosi wa bosi. Kapteni anayeongoza kombania hupimwa na luteni kanali wa kikosi, na mwandamizi wake ni kanali wa brigedi. Mpimaji anaeleza ulichofanya. Mwandamizi anaeleza unakoweza kufika. Vijana wengi huhangaika kumridhisha wa kwanza kwa sababu ndiye wanayemwona asubuhi na jioni, wakati bodi jicho lake linakwenda moja kwa moja kwa yule wa pili, ambaye pengine alikutana na kijana huyo mara nne mwaka mzima.

Fomu inayotumika sasa, ya mfululizo wa 67-10, ilianza Aprili 2014. Ina sura nne kulingana na cheo: ya luteni usu hadi kapteni, ya meja na luteni kanali, ya kanali, na ya brigedia jenerali. Kwa maofisa hadi luteni kanali, mwandamizi hupewa visanduku vinne. Cha juu maana yake ofisa huyu ni wa kutangulia wenzake. Cha pili anastahili sana. Cha tatu anastahili. Cha nne hastahili. Sheria iliyobeba mfumo mzima ni hii: visanduku vya juu lazima viwe chini ya asilimia 50 ya ripoti zote ambazo mwandamizi huyo amewahi kuandika kwa cheo hicho. Si "visizidi 50". Chini ya 50. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka imguse mtu.

Kikomo hicho hakikuzuka tu. Fomu ya 1979, iliyoitwa 67-8, ndiyo iliyomleta mpimaji mwandamizi na kuonyesha wazi amewagawaje watu wake. Imani ilikuwa kwamba aibu ya kuonekana umewajaza wote juu ingetosha kumzuia mkubwa asigawe sifa kama njugu. Haikutosha. Wakubwa waliogopa kuwaumiza watu wao kuliko walivyoogopa aibu, na sababu yao haikuwa mbaya: kama jirani yangu anawapa wote sifa ya juu, mimi nikisema kweli namzika ofisa wangu. Ikafika mahali sifa ya "mzuri sana" ikawa hukumu, maana "bora kabisa" ndiyo ilikuwa ya kila mtu. Mwaka 1997 fomu ya 67-9 ikaweka kikomo cha nusu, na mlinzi wake akawa makao makuu badala ya dhamiri ya mtu. Mwaka 2014 mpimaji wa kwanza naye akafungwa kamba kama hiyo kwenye kisanduku chake.

Hapo ndipo hesabu inaanza, na hapo ndipo watu wanaumia bila kujua wameumizwa na nini.

Chukua kanali mpya mwenye mameja 3 chini yake. Mwaka wa kwanza anaweza kutoa kisanduku cha juu kimoja tu. Viwili kati ya vitatu vimepita nusu. Mwaka wa pili ripoti zinafika 6. Tatu kati ya sita ni nusu kamili, nusu kamili hairuhusiwi, kwa hiyo anabaki na mbili kwa jumla, maana yake moja tena mwaka huo. Mwaka wa tatu ripoti ni 9, na nne kati ya tisa ni asilimia 44. Sasa ghafla anaweza kutoa mbili kwa mpigo. Mameja wa mwaka wa tatu wamebahatika, ingawa hawakuwa bora kuliko waliowatangulia. Linganisha na brigedi yenye mameja 12, ambako mwaka wa kwanza tu panatoka visanduku vitano. Meja yuleyule, akipangwa ofisi ya watu watatu ana nafasi moja kati ya tatu. Akipangwa brigedini, tano kati ya kumi na mbili. Na ile ofisi ndogo huenda ilipewa mameja watatu waliochaguliwa kwa makusudi kwa kuwa ni wakali. Kikomo hakijui hilo.

Baya zaidi ni mpangilio wa kutuma. Ripoti huhesabiwa kadiri zinavyopokelewa na Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Tuseme mwandamizi ana ripoti 8 nyuma yake, tatu zikiwa za juu. Msimu huu ana nne mpya: mbili za juu, mbili za kisanduku cha pili. Mnadhimu wake, kwa kuwahi, anatanguliza zile nzuri. Ya kwanza inafanya nne kati ya 9, inapita. Ya pili inafanya tano kati ya 10, nusu kamili, inagoma. Ripoti hiyo inaandikishwa kama kisanduku cha pili, na maneno yaliyoandikwa yanabaki yaleyale. Askari huita tukio hilo kwa jina la risasi iliyogoma kulipuka. Lakini kama zile mbili za kawaida zingetangulia siku chache mbele, hesabu ingekuwa tatu kati ya 10, kisha nne kati ya 11, kisha tano kati ya 12, na wote wawili wangepata walichoandikiwa. Bosi ni yuleyule, ofisa ni yuleyule, sentensi ni zilezile. Kilichobadilika ni nani alibonyeza kitufe kwanza.

Dawa yake ni jedwali moja, na inashangaza ni wangapi hawana. Mwandamizi, au mnadhimu wake, aandike majina yote anayowapima kwa kila cheo, tarehe ya mwisho ya ripoti ya kila mmoja kwa miezi 12 ijayo, na idadi ya sasa ya ripoti zake na visanduku vya juu alivyokwisha kutoa. Aamue nani wa juu kabla hajaanza kuandika, si baada ya kuona sentensi zimetoka tamu. Ripoti za kisanduku cha pili ziende kwanza. Na abakize akiba ya angalau nafasi moja kwa cheo, kwa sababu kila mwaka kuna anayehamishwa ghafla au anayetakiwa na shule katikati ya msimu, na ripoti yake haingoji.

Kuhusu nani apewe, zipo desturi ambazo hazivunji hesabu lakini zinavunja haki. Ya kwanza ni kugawa kwa kalenda: kisanduku cha juu anapewa atakayekwenda bodini mwakani, na kijana anaambiwa wakati wake utafika. Wanaoitetea husema rasilimali chache ipelekwe panapohitajika, na hoja hiyo ina uzito kiasi. Ila kijana huyo, aliyekuwa bora kuliko wote alipoongoza kombania, atafika bodini miaka mitatu baadaye akiwa na ripoti mbili za uongozi zenye kisanduku cha pili. Wajumbe hutazama ripoti za uongozi kuliko za mezani. Aliyempa mkopo wa ahadi alishahama, na mwandamizi mpya hana deni naye.

Ya pili ni zamu. Mwaka huu Meja huyu, mwakani yule, kila mtu aonje. Inaonekana ya kiungwana, inaleta amani ofisini, na inafuta maana yote ya kupima.

Ya tatu kanuni inaikataza kwa jina: kuipandisha ngazi ya upimaji mpaka kwa jenerali mwenye watu wengi, ili nafasi za juu zipatikane kwa wingi, ilhali jenerali huyo hamjui ofisa. Ukitaka kuitambua kwenye karatasi, soma maelezo ya mwandamizi kisha jiulize kama yangeweza kubandikwa kwa ofisa mwingine yeyote bila kubadilisha neno. Kama ndiyo, anayeandika hamjui anayeandikiwa.

Kwa kuwa zaidi ya nusu ya maofisa lazima wakae nje ya kisanduku cha juu, maneno ndiyo yanayowatenganisha. Mjumbe wa bodi hutafuta mambo matatu kwenye mistari michache ya mwandamizi: nafasi ya ofisa kati ya wenzake, lini apandishwe, na ngazi au shule inayofuata. Kukaa kimya juu ya mojawapo ni jibu tayari. "Wa 2 kati ya mameja 11 ninaowapima" ni kauli yenye mifupa. "Mmoja wa mameja wangu bora" ni uji; hakuna anayejua ni wangapi hao bora. "Wa 1 kati ya 1" usiandike kabisa. Na zipo sifa zinazoua kimyakimya: mchapakazi, mwaminifu, anaelewana na kila mtu. Nyumbani kwetu hizo ni sifa za kumpa mtu binti yako. Kwenye fomu hii zinasomeka kwamba mwandishi hakuwa na la kusema kuhusu kesho ya ofisa huyo.

Kazi moja ya jioni moja humsaidia mwandamizi kuliko semina ya siku tatu. Achape maelezo yote aliyoandika mwaka huo, afunike majina, ayasome kwa pamoja. Ataona nani aliandikiwa "aliamua", "aliongoza", "alibadilisha", na nani aliandikiwa "alisaidia", "alijali", "aliratibu", huku kazi zao zikiwa zilezile. Akifunua majina na kukuta kundi la kwanza lote ni watu wa kitengo chake cha zamani, au wanaume watupu, ana nafasi ya kurekebisha kabla ya kutia saini.

Kuna yasiyoruhusiwa kuandikwa, na mengi yana akili. Uchunguzi ambao haujaisha hautajwi. Ripoti za nyuma hazitajwi. Mke au mume wa ofisa haingii, kwa sifa wala kwa lawama. Zamani hilo la mwisho lilikuwa tatizo halisi, pale ukarimu wa mke kwenye tafrija ulipokuwa sehemu ya sifa za mumewe.

Muda nao una sheria zake. Mpimaji anatakiwa awe amekaa na ofisa siku 90 kwa ripoti ya kawaida, mwandamizi siku 60. Ndani ya siku 30 za mwanzo mpimaji akae na ofisa wapitie fomu ya malengo, na ofisa ajue kwa maandishi nani atampima na nani ni mwandamizi wake. Ripoti ifike makao makuu ndani ya siku 90 baada ya kipindi kuisha. Mambo huharibika kwa njia za kawaida kabisa. Orodha ya wapimaji haijabandikwa, ofisa anafanya kazi mwaka mzima akidhani anapimwa na Kanali fulani, mwisho saini inakuja ya mwingine aliyemjua kwa siku 61. Bosi anahama na kuahidi ataandika akifika, hafiki. Kikao cha siku 30 hakikufanyika, kikapewa tarehe ya kubuni kwenye fomu. Hilo ni kosa la uongo, na mtu akija kukata rufaa ndilo jambo la kwanza linalochimbuliwa.

Ofisa mwenyewe ana kazi yake hapa. Kwenye fomu ya malengo "niliendesha mafunzo" haina msaada. Aandike askari wangapi, silaha gani, matokeo gani kabla na baada. Mpimaji aliyechoka saa nne usiku atanakili kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake kikiwa tupu, ripoti itakuwa tupu.

Sasa ndipo bodi. Sheria inataka wajumbe wasiopungua watano, na mtu hawezi kukaa kwenye bodi mbili mfululizo za cheo kilekile na kundi lilelile la maofisa. Wanaapa kutenda bila upendeleo wala chuki, wakizingatia sifa za ofisa na ufanisi wa jeshi. Mijadala yao ni siri kisheria. Kila mjumbe hutoa alama peke yake, kuanzia 1 hadi 6 na nyongeza za jumlisha na toa. Faili moja hupewa dakika chache, kwa sababu mafaili ni mengi mno. Dakika hizo ndizo zinazoeleza kwa nini kila mtu anapigania kisanduku: ni alama inayoonekana kabla sentensi haijasomwa.

Kapteni na meja lazima wakae kwenye cheo angalau miaka 3 kabla ya kupandishwa. Mwongozo wa muda mrefu chini ya sheria ya 1980 ya usimamizi wa maofisa ulilenga takriban asilimia 80 wapite kuwa meja, 70 kuwa luteni kanali, 50 kuwa kanali. Kapteni au meja akikosa mara mbili, kwa kawaida anaondoka jeshini, ila aliyekwisha kutimiza miaka 18 huachwa afikie 20 ya pensheni. Kwa hiyo kisanduku kimoja kilichoshuka kwa sababu ya mpangilio wa kutuma kinaweza kumfikisha mtu getini akiwa na mabegi.

Mwaka 2020 picha za maofisa ziliondolewa kwenye mafaili ya bodi. Mwaka huohuo jeshi lilijaribu njia nyingine kwa luteni kanali wanaogombea kuongoza vikosi. Waliitwa Fort Knox kwa siku kadhaa, wakapimwa mbio na nguvu, uandishi, uwezo wa kufikiri, na saikolojia. Maoni ya wenzao na ya waliowahi kuwa chini yao yakakusanywa. Kisha kila mmoja akahojiwa na jopo akiwa nyuma ya pazia, wao wasimwone, yeye asiwaone. La maana zaidi hapo, kwa macho yetu, si pazia. Ni maoni ya walio chini. Mfumo wa fomu hauna mahali ambapo kapteni anaweza kusema luteni kanali wake ni jeuri, na jeuri wengi huwa watamu sana kwa walio juu yao.

Wanamaji wa miguu wa Marekani (Marine Corps) wamekwenda njia nyingine. Hawafungi idadi kwenye ripoti ya mpimaji wa kwanza. Badala yake kila ripoti inalinganishwa na wastani wa mwandishi mwenyewe, kwa kipimo cha 80 hadi 100, wastani ukiwa 90, na kipimo hicho hakianzi mpaka aandike ripoti tatu. Bosi mkarimu akimpa kila mtu alama kubwa, ukarimu wake unajifuta wenyewe. Ni hesabu safi zaidi, ingawa bosi wa watu wachache anabaki na shida ileile.

Baada ya bodi majina hupanda hadi kwa Rais, na kuanzia meja lazima Seneti iidhinishe. Mwaka 2023 seneta mmoja, Tommy Tuberville, alizuia majina ya mamia ya majenerali na maadmirali kwa miezi kadhaa kwa ugomvi wa sera usiohusu kazi zao. Hakuna jedwali la mnadhimu linaloweza kumkinga ofisa na hilo.

Anayeamini ameonewa ana njia. Aombe uchunguzi wa kamanda mapema, kabla ripoti haijafika makao makuu ikiwezekana. Akate rufaa ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya ripoti, akibeba ushahidi ulio wazi: orodha ya wapimaji yenye tarehe, hati ya uhamisho, barua za watu walioona kwa macho yao. Kama bodi ilisoma faili lenye kosa kubwa, anaweza kuombewa bodi maalumu, lakini ataulizwa alifanya nini kuliangalia faili lake kabla ya bodi kukaa. Na barua ya mkubwa wa zamani inayosema amefikiri upya, kwamba ofisa huyu alistahili kisanduku cha juu na yeye sasa anajuta, haihesabiki kuwa sababu ya kubadilisha ripoti.